Fangasi Wasio na Jina Katika Wodi za Watoto Kanda ya Ziwa

Chukua mfano wa mtoto njiti mwenye uzito wa kilo moja na gramu mia mbili. Wiki ya kwanza amewekewa kanula na dripu, akaanzishiwa ampisilini na jentamaisini. Wiki ya pili hali haijatulia, akabadilishiwa dawa. Wiki ya tatu tumbo limejaa, maziwa hayashuki, pumzi inakatika kila baada ya muda, na chembe sahani za damu zimeporomoka. Daktari anaagiza damu ioteshwe. Siku kadhaa baadaye jibu linarudi kutoka maabara: Candida, si albicans. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki uchunguzi unaishia hapo. Daktari anaandika flukonazoli kwa sababu ndiyo iliyopo, na wote wanasubiri.

Lakini maneno hayo matatu hayajasema mgonjwa anaumwa nini. Yamesema tu kwamba aliye kwenye damu si fangasi yule aliyezoeleka. Nyuma yake kuna makumi ya jamii za fangasi wa aina ya hamira. Baadhi wanauawa na flukonazoli kwa urahisi, wengine hawaiogopi kabisa, na wengine hata hawamo katika ukoo wa Candida. Wataalamu huwaita hamira adimu zinazochipukia. Swali ni kama jambo hili linatuhusu sisi wa Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, au ni tatizo la hospitali za matajiri zenye mashine nyingi na maabara za kisasa.

Hoja ya makala haya ni kwamba linatuhusu, na kwamba uadimu wa fangasi hawa kwetu una sababu mbili. Ya kwanza ni ya kweli: ni wachache wakilinganishwa na bakteria na Candida albicans. Ya pili ni kwamba hatujawatafuta. Mradi sababu hizi mbili hazijatenganishwa, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ukubwa wa tatizo, na daktari ataendelea kuchagua dawa kwa kubahatisha.

Wako kwenye chungu, kwenye ngozi na kwenye kuta

Fangasi wa aina ya hamira ni viumbe vya seli moja vinavyozaliana kwa kuchipuza. Yule wa kuumulia maandazi, Saccharomyces cerevisiae, ni mmoja wao. Wengi huishi kwenye matunda, nafaka, udongo, maji, ngozi na utumbo bila kumdhuru mtu.

Watafiti wa Tanzania waliochunguza togwa mwaka 2003 walikuta ndani yake hamira ya kawaida pamoja na Candida tropicalis, Candida pelliculosa na Issatchenkia orientalis. Majina hayo mawili ya mwisho yamebadilika. Candida pelliculosa leo huitwa Wickerhamomyces anomalus, na zamani iliitwa pia Pichia anomala. Issatchenkia orientalis ni kimelea kilekile ambacho maabara za hospitali hukiita Candida krusei, na kwa jina jipya Pichia kudriavzevii. Hivyo fangasi wawili ambao katika wodi za watoto wachanga huandikwa kama wageni wa hatari ni wenyeji wa chungu cha togwa.

Asiogope mtu togwa kwa habari hii. Mwenye afya anainywa bila shida, na uchachu wake unazuia bakteria wengi wa kuharisha. Funzo ni kwamba vimelea hivi havihitaji kuletwa na ndege kutoka nje. Vipo tayari. Kinachobadilika ni mahali vinapofika. Vikiingia kwenye mshipa wa mtoto ambaye ngozi yake bado ni nyembamba, utumbo wake haujakomaa na bakteria wake wazuri wamefagiliwa na dawa, kiumbe asiye na madhara anageuka kuwa muuaji.

Wapo na wengine. Trichosporon asahii hukaa kwenye ngozi na udongo. Rhodotorula, yenye rangi ya waridi, hupenda unyevu, na huonekana kwenye sinki na mapazia ya bafu. Malassezia huishi kwenye mafuta ya ngozi. Mwaka 1998 jarida la tiba la New England la Marekani liliripoti mlipuko wa Malassezia pachydermatis katika wodi ya watoto mahututi, na uchunguzi ukaelekeza kwa wahudumu waliokuwa na mbwa nyumbani: fangasi alitoka kwa mbwa, akapanda mkononi, akaingia wodini. Kodamaea ohmeri, Lodderomyces elongisporus na Saprochaete wamo pia kwenye orodha. Anayetajwa zaidi duniani leo ni Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa. Hata hamira ya dawa, Saccharomyces boulardii, inayouzwa kwenye vifuko kwa ajili ya watoto wanaoharisha, inaweza kuingia kwenye damu ya mgonjwa mahututi. Mwaka 2017 mamlaka za dawa za Ulaya zilizuia isitumiwe kwa wagonjwa mahututi, wenye kinga dhaifu au wenye mpira kwenye mshipa mkubwa.

Pale jina linapokatikia

Ili kuelewa kwa nini jibu la maabara linakuwa nusu, fuatilia safari ya damu yenyewe. Muuguzi anapata mililita moja kutoka kwa mtoto mdogo, mara nyingine chini ya hapo, kwa sababu mishipa haionekani na damu ya mtoto mwenyewe ni haba. Damu inaingizwa kwenye chupa yenye chakula cha vimelea na kuwekwa kwenye kabati la joto. Hapo tayari kuna pengo la kwanza. Hata katika maabara bora, kuotesha damu hukamata takriban nusu tu ya wagonjwa wenye Candida mwilini. Chupa isiyoota kitu haimaanishi fangasi hayupo.

Ikiota, fundi wa maabara anapaka tone kwenye kioo, anatia rangi ya Gram na kutazama kwa hadubini. Badala ya vijiti au vidoti vya bakteria anaona mayai ya zambarau, makubwa kuliko bakteria yoyote, mengine yakiwa na kichipukizi ubavuni. Anapandikiza kwenye sahani. Kesho yake kuna madoa meupe yenye harufu ya mkate. Kisha hufuata kipimo cha zamani na cha bei nafuu kuliko vyote: anachukua chembe ya doa, anaitia kwenye nusu mililita ya seramu ya binadamu, anaiweka kwenye nyuzijoto 37 kwa saa mbili hadi tatu, anarudi kwenye hadubini. Ikiwa seli zimetoa mrija mrefu usiobanwa shingoni, ni Candida albicans. Zisipotoa, ni kitu kingine.

Hicho kitu kingine ndicho kinachobaki bila jina. Maabara yenye mashine ya MALDI-TOF, inayotambua kimelea kwa uzito wa protini zake, ingekitaja kwa dakika chache. Maabara isiyonayo inatumia seti za kemikali au mashine za kizazi cha nyuma, na hizo nazo hukosea: Candida auris imekuwa ikisomwa kama Candida haemulonii, au hata Rhodotorula, kwa sababu haikuwamo kwenye kumbukumbu ya mashine. Pengo la mwisho ni la kibinadamu. Fangasi akiota kwenye chupa moja tu, kuna kishawishi cha kusema ni uchafu ulioingia wakati wa kuchoma sindano. Kwa bakteria wa ngozi hilo huwa kweli mara nyingi. Kwa fangasi, kanuni ni kinyume: akionekana kwenye damu ya mtoto, hata mara moja, achukuliwe kuwa ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine.

Somo ambalo Bugando imekwisha kulitoa

Mwanza haipaswi kushangaa kwamba kimelea kisicho na jina kinaweza kuua watoto wodini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyoanza kazi mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama jiji na ziwa, ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2011 Stephen Mshana na wenzake walichapisha taarifa ya mlipuko wa maambukizi ya damu katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali hiyo. Bakteria aliyehusika alikuwa wa jamii ya Enterobacter, sugu kwa dawa nyingi, na hakuendana na spishi yoyote iliyojulikana. Miaka mitano baadaye, mwaka 2016, alipewa jina rasmi: Enterobacter bugandensis. Leo jina la kilima cha Mwanza limo katika vitabu vya bakteria vya dunia nzima, na bakteria huyohuyo amekutwa hata kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Mambo mawili yalifanya ugunduzi huo uwezekane. Kwanza, vimelea kutoka kwenye damu ya watoto wale havikutupwa baada ya jibu la kawaida kutoka. Vilihifadhiwa. Pili, kulikuwa na njia ya kuvipeleka kwenye maabara zenye uwezo wa kusoma vinasaba. Bila hayo, watoto wale wangebaki kwenye daftari kama wagonjwa wa bakteria asiyeeleweka. Hakuna sababu ya kuamini kwamba fangasi wanastahili uangalifu mdogo kuliko huo.

Uwezo wa kitaalamu upo pia. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS, kilicho hapohapo Bugando, Martha Mushi na wenzake wamechapisha tafiti za Candida kwa wajawazito na kwa watu wanaoishi na VVU jijini Mwanza, wakitenganisha spishi moja na nyingine. Kinachokosekana ni kufanya kazi hiyo kuwa ya kila siku kwa damu ya watoto waliolazwa, isiwe ya mradi unaoanza na kuisha na fedha zake.

Waliotafuta waliona nini

Njia nzuri ya kupima uadimu ni kuangalia kilichotokea mahali watu walipoamua kuhesabu. Jirani wa karibu ni Nairobi. Katika hospitali moja ya rufaa ya jiji hilo, kati ya Septemba 2010 na Desemba 2016, wagonjwa 201 walikutwa na Candida kwenye damu. Candida auris ilikuwa kwa 77 kati yao, asilimia 38, na Candida albicans, anayedhaniwa kuwa mkuu siku zote, alikuwa kwa robo tu. Fangasi ambaye kabla ya mwaka 2009 hakuwa na jina alikuwa ndiye wa kwanza kwa wingi katika hospitali iliyo mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Mwanza. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa huenda Nairobi kutibiwa na kurudi, na fangasi huyu hukaa kwenye ngozi ya mtu kwa miezi bila dalili.

Kwa watoto wachanga picha inafanana. Utafiti wa kimataifa uliofuatilia zaidi ya watoto 3,200 waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya damu katika nchi 11, zikiwamo Kenya na Uganda, ulitoa uchambuzi wa watoto 127 wenye fangasi. Theluthi moja hivi walikuwa na Candida albicans, wengine wengi Candida parapsilosis, na takriban mmoja kati ya saba alikuwa na Candida auris. Karibu theluthi mbili ya watoto, kwa hiyo, wangeandikiwa lile jibu la maabara la maneno matatu.

Mfano mzito kuliko yote unatoka Chandigarh, kaskazini mwa India. Kuanzia Aprili 1996 hadi Februari 1998, katika hospitali kubwa ya huko, watoto wachanga na watoto wakubwa 379 waliambukizwa Pichia anomala, yule wa kwenye togwa. Ilichukua miezi 23 kumaliza mlipuko. Fangasi alikuwa akisafiri kwenye mikono ya wahudumu kutoka kitanda hadi kitanda. Elimu ya usafi peke yake haikutosha, ikabidi watoto njiti wote na wale walio hatarini wapewe nistatini na flukonazoli za kinga. Mwaka 2014, hospitali moja ya Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa Candida krusei katika wodi ya watoto wachanga. Na huko Delhi, kati ya mwaka 2021 na 2022, watoto wachanga kumi walipata Lodderomyces elongisporus kwenye damu. Wachunguzi walipopangusa vifaa walimkuta kwenye reli za kitanda cha joto.

Mifano hii ina mambo matatu yanayojirudia. Fangasi hakuwa mgeni wa kutisha, alikuwa wa kawaida nje ya hospitali. Alisambaa kwa mikono na vifaa. Na mlipuko ulijulikana kuwa mlipuko siku ile tu mtu alipotaja jina, kwa sababu watoto kumi wenye majina kumi tofauti ya kubahatisha hawaonekani kama tukio moja.

Kwa nini sasa

Utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa mwaka 2022 uliweka vifo vya watoto chini ya miaka mitano Tanzania kuwa 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 mwaka 2015/16. Ni hatua kubwa. Lakini vifo vya siku 28 za kwanza vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu. Maana yake ni kwamba malaria, surua na kuharisha vimerudishwa nyuma, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki iko kwenye wodi ya watoto wachanga.

Na wodi hizo zinajaa. Mtoto njiti ambaye miaka ishirini iliyopita angefia Ukerewe au Sengerema sasa anafika hospitali. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, wenye namba ya bure 115, unachukua wajawazito na wachanga kutoka vijijini. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kusubiri kivuko kwa gari la wagonjwa linalotoka upande wa Geita. Vyumba vya watoto njiti vimeongezeka, na kina mama wanafundishwa kumbeba mtoto kifuani kwa njia ya kangaruu. Kila mtoto anayeokoka wiki ya kwanza anaingia wiki ya pili na ya tatu, na huo ndio msimu wa fangasi. Amekwisha kuwa na kanula kadhaa, pengine mpira wa kitovuni, mrija wa kulishia puani, na dozi mbili au tatu za antibayotiki.

Kanda ya Ziwa ina makundi mengine ya watoto wa kuangaliwa. Selimundu ni nyingi hapa kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, na watoto hao hulazwa mara kwa mara. Saratani ya Burkitt, inayohusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr, ni ya ukanda huu huu wa ziwa, na dawa zake huangusha kinga. Wapo wenye utapiamlo mkali, walioungua moto na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa kati ya 2002 na 2009 walikuta kwamba waliopata maambukizi ya bakteria kwenye damu wakiwa tayari hospitalini walifariki kwa asilimia 53, na waliofika nayo kutoka nyumbani kwa asilimia 24. Utapiamlo mkali uliongeza hatari hiyo. Takwimu hizo ni za bakteria, lakini njia ya kuingilia ni ileile wanayoitumia fangasi.

Dawa bila jina ni bahati nasibu

Kama dawa zote zingeua fangasi wote, jina lisingekuwa na maana kubwa. Hali ni tofauti kabisa. Candida krusei kwa maumbile yake haisikii flukonazoli. Candida auris nyingi nazo hazisikii. Rhodotorula haijali flukonazoli wala dawa za kundi la mikafungini, na tiba yake ni amfoterisini B. Trichosporon ni kinyume: mikafungini haimgusi, amfoterisini mara nyingi haimwezi, na dawa yake bora ni vorikonazoli. Candida lusitaniae inaweza kujenga usugu dhidi ya amfoterisini katikati ya matibabu. Yule mtoto wa kilo moja na gramu mia mbili, akipewa flukonazoli kwa siku kumi huku damuni kuna krusei, atakuwa amepewa maji.

Katika hospitali zetu flukonazoli ndiyo rafiki wa kila siku, kwa sababu ni nafuu, inamezeka, na ilienea katika miaka ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Amfoterisini B inapatikana zaidi kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi kwa watu wazima. Inachosha figo na inataka vipimo vya mara kwa mara vya potasiamu. Dawa za kundi la mikafungini ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, lakini kuingia kwenye orodha ya Geneva na kufika kwenye kabati la wodi ni mambo mawili tofauti. Oktoba 2022 shirika hilo lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wa kupewa kipaumbele, Candida auris na Candida albicans wakiwa katika kundi la juu kabisa. Mwaka 2021 wataalamu wa dunia walikuwa wametoa mwongozo mahususi wa tiba ya hamira adimu. Mwongozo huo, hata hivyo, unaanza na sharti kwamba umekwisha kumjua unayemtibu.

Pingamizi linalostahili kusikilizwa

Msimamizi wa hospitali anaweza kusema: bakteria ndio wanaotumaliza, kwa nini fedha ziende kwa fangasi? Hoja yake ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Bugando ulihusisha watoto wachanga 300 wenye dalili za maambukizi ya damu. Chupa 149 ziliotesha kimelea, na watoto 57 walifariki. Karibu nusu ya bakteria wa kundi la Gram hasi walikuwa sugu kwa sefalosporini za kizazi cha tatu. Muhimbili nako, utafiti wa miaka ya 2001 na 2002 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye maambukizi ya damu walifariki, na usugu wa dawa ulikuwa moja ya sababu. Kwa idadi, bakteria wanaongoza, na hakuna anayebisha.

Jibu ni kwamba matatizo haya mawili hayagombanii fedha kwa kiasi kinachodhaniwa. Fangasi hupata nafasi pale antibayotiki kali zinapotumika kwa muda mrefu, na antibayotiki kali hutumika kwa muda mrefu kwa sababu bakteria ni sugu na majibu ya maabara yanachelewa. Chupa ya damu inayotenganisha bakteria Klebsiella na fangasi krusei ni moja. Mikono inayobeba vyote viwili ni ileile. Tanzania ina mpango wa pili wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa 2023 hadi 2028, na maabara zilizojengewa uwezo kwa ajili ya bakteria zinahitaji nyongeza ndogo tu ili zihesabu fangasi pia.

Liko pingamizi la pili: kwa nini tusimpe kila mtoto njiti flukonazoli ya kinga, kama Chandigarh? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unashauri kinga hiyo katika wodi ambazo zaidi ya asilimia 10 ya watoto walio chini ya gramu 1,000 hupata Candida ya ndani ya mwili. Wodi isiyohesabu haijui kama iko juu au chini ya asilimia hiyo. Na wodi ambayo fangasi wake ni krusei, ikigawa flukonazoli kwa wote, itakuwa inamsafishia njia yeye.

Kinachowezekana kwa fedha zilizopo

Hatua ya kwanza haihitaji mashine. Kila fangasi anayeota kutoka kwenye damu au maji ya uti wa mgongo wa mtoto apewe jina hadi mwisho wa uwezo wa maabara, kisha sampuli ihifadhiwe kwenye friza badala ya kutupwa. Baada ya kipimo cha seramu, sahani ya rangi hutenganisha kadhaa kwa macho tu: albicans kijani, tropicalis buluu, krusei waridi yenye kingo za kukwaruza. Kipimo cha urea, ambacho maabara nyingi tayari zinakitumia kwa bakteria, huwatoa Trichosporon, Rhodotorula na Cryptococcus, kwa kuwa hao hugeuza rangi yake na Candida walio wengi hawaigeuzi. Fangasi anayeota vizuri kwenye nyuzijoto 42 na hana mrija wa albicans aamshe shaka ya auris. Wasiotajika wapelekwe kwa kundi, kila robo mwaka, kwenye maabara yenye MALDI-TOF au usomaji wa vinasaba. Wakiwa watano wa jina moja ndani ya mwezi mmoja, hiyo ni kengele ya mlipuko.

Hatua ya pili iko kitandani. Kanula au mpira usio na kazi utoke leo, usisubiri kesho, kwa sababu fangasi hujenga utando juu ya plastiki ambao dawa hazipenyi. Damu ioteshwe kabla ya kubadilisha antibayotiki, na dawa isimame pale jibu linaporudi safi na mtoto yuko vizuri. Mtoto mwenye fangasi kwenye damu apimwe macho, figo na uti wa mgongo, kwa kuwa hapo ndipo hujificha.

Hatua ya tatu ni usafi wenye akili. Kitakasa mikono chenye spiriti kinaua fangasi hawa mkononi, lakini baadhi ya dawa za kudekia zinazonukia vizuri hazimuui auris kwenye reli, meza na mizani. Klorini inamuua. Mizani ya watoto, kipimajoto, vikombe vya maziwa na kitanda cha joto vifutwe kati ya mtoto na mtoto, na beseni la kunawia lisitumike kumwagia mabaki ya dripu.

Mama naye ana sehemu yake, na si ndogo. Anayekaa wodini kwa wiki tatu anaona mengi kuliko daktari anayepita asubuhi. Ana haki ya kuuliza kanula iliwekwa lini, ya kumwomba kwa heshima yeyote anawe kabla ya kumgusa mwanawe, na ya kuuliza kama damu imeoteshwa kabla ya dawa mpya. Asimpe mtoto aliyelazwa vifuko vya hamira vya dukani bila daktari kujua. Maziwa yake mwenyewe na kifua chake ni kinga kuliko vyote hivyo.

Kwa hospitali za Kanda ya Ziwa, kuanzia Bugando na Sekou Toure hadi Bukoba, Musoma na Chato, kazi ya kuanzia inaweza kuandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari la maabara: fangasi gani, mtoto wa umri gani, alipewa dawa gani, aliishia wapi. Baada ya mwaka mmoja wa mistari hiyo tutajua kama hamira hizi ni adimu kwetu kweli. Mstari huo uanze kuandikwa sasa.